Jongoo, Gunia na Kokoto: Je, Bustani Yaweza Kuota Juu ya Jiwe?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Ukitoka hapa Kiganjo ukashika njia ya kuelekea Juja na Ndarugu, hukosi kupishana na malori yaliyobeba mawe. Ni mawe kama hayo yaliyojenga madarasa tunamosomea, ua wa shule, na nyumba za kupanga zinazochipuka kila kukicha hapa mtaani kama uyoga. Thika na Ruiru ni miji ya mawe. Lakini jiwe halidondoki kutoka mbinguni. Kila ghorofa inayopanda huku, kuna shimo lililoteremka kule.

Mashimo hayo ndiyo machimbo ya mawe, au kwari kama wengi wetu tunavyosema. Mawe mazuri yakiisha, mashine huhamishwa na shimo hubaki. Udongo wa juu ulikwisha kuondolewa zamani. Hapana kivuli, hapana jani, ni mwamba mtupu na vifusi. Wakati wa masika shimo hujaa maji, na watoto huliona kama bwawa la kuogelea. Habari za waliozama katika mashimo ya upande wa Juja tumezisikia si mara moja wala mbili.

Basi nimeonelea niandike kuhusu bustani. Najua kuna atakayecheka: "Bustani na kwari wapi na wapi?" Wengi wetu tukisikia neno bustani twafikiria maua ya waridi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, nyasi zilizokatwa vizuri na kibao cha USIKANYAGE. Lakini siku hizi watengenezaji wa bustani wanatumia vitu ambavyo zamani vingeitwa takataka: vifusi, magunia, plastiki kuukuu, hata wadudu. Na mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki hauko mbali. Uko Bamburi, Mombasa, ndani ya shimo la mawe.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji hutaka chokaa, na chokaa ya pwani hupatikana katika mawe ya matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe wa baharini zama za kale. Mawe yakachimbwa mwaka baada ya mwaka hadi pakabaki uwanja mkubwa mweupe, unaowaka jua, karibu sana na maji yaliyo chini ya ardhi. Na maji yenyewe yana chumvi, kwa kuwa bahari iko jirani.

Aliyepewa kazi ya kupageuza pahali hapo ni René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, ambaye alikuwa ameajiriwa na kiwanda hicho tangu mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichukua miche ya aina 26 za miti akaipanda juu ya mwamba ule. Baada ya miezi michache ilisalia aina tatu tu: mnazi, damas na mvinje. Wenzangu, hebu fikirini: aina 23 zimekufa! Mwingine angefunga virago. Yeye alichagua ule uliostawi kupita yote, mvinje, akaupanda kwa wingi.

Mvinje ni mti wa ajabu kidogo. Waliotembelea pwani wameuona ufuoni, na hata huku bara hupandwa kwa ajili ya nguzo. Yale yanayoonekana kama majani yake membamba ni vijitawi vya kijani, na majani halisi ni vigamba vidogo mno. Kwa hiyo haupotezi maji ovyo. Huvumilia chumvi. Na mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Waliosoma Biolojia watakumbuka vinundu vya maharagwe. Kazi ni ileile, bakteria ni wengine. Kwa hivyo mvinje unaweza kuanza maisha mahali pasipo na mbolea yoyote.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipotokea, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya hadithi. Mivinje ilikua, ikadondosha vijitawi vyake vikavu, vikarundikana chini kama zulia. Haviozi! Vina tanini nyingi, kitu kilekile kinachofanya chai kali ikaze ulimi, na bakteria wa kuozesha hawavipendi. Sasa, bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna udongo. Msitu ungekuwepo, lakini ungesimama juu ya jiwe lililofunikwa takataka kavu.

Jibu lilikuwa jongoo. Haller aliona kwamba jongoo wakubwa wenye miguu myekundu, wale wa pwani, hula vijitawi hivyo. Wakaletwa kwa mamia wakaachiwa chini ya miti. Jongoo hutafuna, hutoa kinyesi, na kile kinyesi bakteria hukishambulia bila shida. Polepole zulia likageuka mboji nyeusi. Mboji ilipopatikana miti mingine ikaweza kupandwa, na mingine ikaja yenyewe, mbegu zikiletwa na ndege na upepo. Wakafuata samaki katika vidimbwi, mamba, pofu na choroa, twiga, na wageni wenye kamera. Sehemu ya machimbo hayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na leo inajulikana kama Haller Park. Mwaka 1987 Haller alituzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Huenda wengine wenu mnapafahamu mahali hapo kwa sababu ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaenda kujiegemeza kwa kobe mkubwa aliyeitwa Mzee. Hadithi yao ilizunguka dunia nzima. Ya jongoo haikuzunguka sana, na ndiyo iliyotengeneza nyumba waliyokutania.

Kuna bustani nyingine mashuhuri iliyozaliwa katika shimo la chokaa, tena mali ya watu wa saruji vilevile. Iko Kanada, katika kisiwa cha Vancouver, na huitwa Butchart Gardens. Mawe yalipokwisha, Bi. Jennie Butchart, ambaye mumewe alikuwa mwenye kiwanda, aliagiza udongo uletwe kwa mikokoteni ya farasi ukamwagwe shimoni. Kazi ilikamilika mwaka 1921. Maua yake hayana mfano. Lakini angalieni tofauti: Kanada walisafirisha udongo, Bamburi waliutengeneza papo hapo. Njia ya kwanza ni ya mwenye fedha. Tena udongo unaoletwa kwa lori umetolewa shamba la mtu fulani, kwa hiyo umefukia shimo hapa ukachimba jingine kule.

Kwa hivyo mtu akiniuliza ni kitu gani kipya katika utengenezaji wa bustani, nitamjibu kwamba upya hauko katika kitu chenyewe bali katika mpango. Nani anatangulia, nani anafuata, maji yanapita wapi, takataka ya huyu ni chakula cha nani. Mvinje ni wa zamani na jongoo ni wa zamani zaidi. Kilichokuwa kipya ni kuwapanga foleni.

Tukirudi huku bara, haifai tuige mti kwa mti. Mawe ya Ndarugu si matumbawe. Yametokana na volkeno, na hayana ile chumvi ya pwani. Sisi tuko nyanda za juu, usiku wa Julai twatetemeka kwa baridi. Jongoo wa Bamburi abaki kwao, maana kuhamisha wadudu kiholela kumeshaleta balaa kwingi, na wa kwetu tunao chini ya kila gogo lililooza. Wa kutangulia pia tunao. Njahi hukubali udongo duni na mizizi yake ina vinundu. Kaliandra hali kadhalika, na ng'ombe huipenda. Ile nyasi ambayo wazungu waliiita Kikuyu grass, na Wakikuyu wenyewe huiita kigombe, imepelekwa hadi Australia kwa sababu ya ukaidi wake wa kushika ardhi. Tunaikanyaga kila siku tukienda kupiga foleni ya chakula.

Hapo nimesema juu ya ardhi. Na asiye na ardhi je? Wengi wa wanafunzi wa kutwa wanaishi katika nyumba za kupanga ambazo uwanja wake ni simiti tupu na kamba za nguo. Hapo ndipo gunia linapoingia.

Bustani za gunia zilijulikana sana Kibera mwaka 2008. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, njia za kuleta chakula zilivurugika na bei zikapanda, na shirika la Solidarités kutoka Ufaransa likawafundisha wakazi kupanda mboga katika magunia. Namna ya kutengeneza ni rahisi, lakini kuna siri moja ambayo wengi huikosa. Siri ni nguzo ya mawe katikati.

Chukua mkebe mkubwa usio na kitako wala kifuniko. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake. Pembeni mwa mkebe, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena kokoto ndani na udongo nje, endelea hivyo mpaka gunia lijae. Mwishowe mkebe hutoka na kokoto hubaki zimesimama kama mfupa wa mgongo. Maji yakimwagwa juu ya kokoto hushuka hadi chini na kusambaa pande zote. Bila nguzo hiyo, maji hulowesha juu tu, mimea ya chini hukauka, na mtu husema gunia halifai. Kisha toboa matundu ubavuni na upande miche ya sukuma wiki au spinachi. Juu panda vitunguu. Gunia moja linachukua nafasi ya kiti lakini mboga zake zimepanda ukutani.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, gunia la nailoni huchakaa juani. Likianza kupukutika lisiachwe hadi nyuzi zake ziingie udongoni. La pili ni kubwa zaidi: udongo utoke wapi? Sisi tuko karibu na jaa la Kang'oki, na najua kuna wanaodhani udongo mweusi wa jaani una rutuba. Unaweza kuwa na rutuba kweli, na unaweza pia kuwa na madini ya risasi kutoka betri kuukuu, ambayo mboga huyanyonya na mlaji hayaoni. Bora udongo mwekundu hafifu na samadi ya mbuzi.

Sasa niguse kabro, maana najua zinapendwa. Nani asiyetaka kutembea bila tope? Udongo mweusi wa upande huu hunata viatuni hadi mtu anarefuka inchi mbili. Lakini uwanja ukifunikwa wote kwa vitofali vilivyobanana, mvua yote hukimbia. Haiingii ardhini, inaenda kwa jirani aliye chini, na jirani huyo kwa kawaida ndiye maskini zaidi.

Mafundi wa leo wana njia ya kati. Vitofali huachiwa nafasi, na nafasi hizo hujazwa vijiwe vidogo badala ya mchanga na simiti. Chini yake hutandazwa tabaka za kokoto, ndogo juu na kubwa chini. Mvua hupenya, hukaa katikati ya kokoto, na kuzama taratibu. Kwa udongo mwekundu njia hii hufaa sana. Kwa udongo mweusi lazima kuwe na bomba la kutoa maji yanayozidi, kwa sababu udongo huo ukilowa huvimba na kukataa maji, ukikauka hupasuka, na vitofali huanza kucheza ngoma. Fundi anayewaambia kwamba atatandaza tu juu yake, mfukuzeni.

Vitofali vyenyewe navyo vinabadilika. Mhandisi Mkenya, Nzambi Matee, ambaye kampuni yake ya Gjenge Makers iko Nairobi, huchanganya plastiki iliyotupwa na mchanga, huipasha moto na kuikandamiza kwa mashine ikawa vitofali vya kutandaza chini. UNEP walimtuza mwaka 2020 miongoni mwa vijana mabingwa wa mazingira. Naiona kazi hii kuwa ya maana sana, hasa kwa nchi ambayo mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na bado mitaro yake imejaa chupa. Ila tafadhali, asije mtu akajaribu kuyeyusha plastiki kwa sufuria nyuma ya bweni! Moshi wake ni sumu. Hiyo ni kazi ya kiwandani yenye mitambo yake.

Kuhusu kumwagilia sitasema mengi. Umwagiliaji wa matone ulienea duniani baada ya Simcha Blass, mhandisi wa maji, kuona mti mmoja umestawi kuliko wenzake kwa sababu bomba lilikuwa likivuja karibu nao. Kampuni ya kutengeneza mabomba yake ilianzishwa Israeli mwaka 1965. Sisi ambao maji twayabeba kwa mtungi tunaweza kutumia njia kongwe zaidi, ambayo Wachina waliiandika katika kitabu cha kilimo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: chungu cha udongo kisichopakwa rangi hufukiwa hadi shingoni, hujazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya ukuta wa chungu polepole kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huja yenyewe kukikumbatia. Jua halipati kitu.

Haya, yote haya yanatuhusu vipi? Kila mtu hapa shuleni anaijua ile kona nyuma ya maabara. Madarasa mapya yalipojengwa vifusi vyote vilimwagwa pale, na sasa kuna mabishano. Wako wanaotaka lori tatu za udongo mwekundu ziletwe na maua yapandwe kabla ya Siku ya Wazazi. Wako wanaotaka pamwagwe simiti, paegeshwe magari, mambo yaishe. Nawaheshimu wote, lakini sikubaliani na hata mmoja. Maua yaliyopandwa juu ya udongo uliomwagwa kwenye kifusi kitupu hukauka ifikapo Januari, wakati wanafunzi wako likizoni na hakuna wa kumwagilia. Simiti nayo itatuma maji yote kwenye njia ya kwenda bweni, ambako tayari twaruka madimbwi.

Rai yangu ni hii. Mawe makubwa yapangwe kuwa ukuta mfupi unaokata mteremko, ili mvua ikija isimame kidogo na kuacha tope lake hapo. Kokoto ziende kwenye magunia na kwenye njia ya miguu. Maganda ya jikoni na majani yanayofagiliwa kila asubuhi, ambayo sasa huchomwa, yarundikwe hapo yaoze. Tumtafutie jongoo kazi. Mwaka wa kwanza tupande njahi na kaliandra tu, na kigombe kwenye mteremko, hata kama wageni wataona hapapendezi. Maua yasubiri mwaka wa pili.

Kuna atakayesema kona ya shule si kwari. Kweli. Kwari ni kubwa, ina kuta za kuporomoka na maji ya kina, na kazi ya kwanza pale ni kuweka ua na kupunguza ukali wa kuta, jambo lisilowezekana kwa jembe la mwanafunzi. Bamburi ilikuwa na kiwanda kizima nyuma yake. Wachimbaji wa huku wengine ni watu wa mashine moja, na wengine wamekodi shamba tu. Hata hivyo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni ahakikishe machimbo yaliyoachwa yanatengenezwa upya. Nani analipa, na lini, ndilo swali ambalo kaunti na wenye mashamba wanapaswa kulijibu kabla ya shimo lingine kuanza kuchimbwa. Lakini atakayekuja kuifanya kazi hiyo siku moja lazima awe ameona kwa macho yake jinsi kifusi kinavyogeuka udongo, na hilo linaweza kuonekana nyuma ya maabara.

Chama cha Mazingira kitakutana Jumatano ya kwanza baada ya mitihani, saa kumi alasiri, pale pale penye vifusi. Kila darasa lije na gunia moja lisilo na matundu na mkebe mmoja mkubwa. Wenye wazazi wanaokuza njahi waje na mbegu, hata kiganja kimoja chatosha. Chupa za glasi na misumari iliyo katika vifusi itaokotwa kwanza, kwa hiyo asije mtu na ndala.